Buibui wa Dirisha la Cherehani

4 Machi

Kwako Shangazi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Chiriku, ambaye amenisimamia hapa mezani kuhakikisha jina lake limeandikwa kabla ya langu. Nimeshindwa hata hilo, maana nimejitaja mimi kwanza, kwa hiyo naomba ukisoma ugeuze. Hatujambo. Mafua yalitupitia, yakaanza kwake yakamalizikia kwangu, sasa yamekwisha. Anakula vizuri, analala vizuri, anaongea kupita kiasi. Mwalimu wake wa chekechea huniambia kila jioni, "Mama Chiriku, leo ameongea," kana kwamba kuna siku hakuongea. Mwezi ujao anatimiza miaka minne.

Meno yako ya bandia ya juu yanasemaje? Nilikuambia yakikubana usiyafungie kabatini, niandikie, nitayasugua upya. Tabia yako naijua. Yale ya kwanza niliyokutengenezea uliyaweka mwaka mzima kwenye droo ya cherehani ukisema unayapumzisha. Hapa karakana ya meno tuna kazi nyingi. Sasa hivi nina seti ya mzee wa miaka themanini anayetaka yawe meupe kama ya kijana wa ishirini. Nimejaribu kumweleza kwamba watu watashtuka, akasema ndicho anachokitaka.

Fundi Redio je, bado anavuka ua kuja kuazima sindano? Shangazi, mwanamume anayeazima sindano miaka tisa hana shida ya sindano.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nimekubaliwa kwenda kusomea kutengeneza taya na nyuso za bandia, za watu walioungua au waliopata ajali. Ni miaka miwili, na ni mbali, safari ya siku mbili kutoka hapa. Nimeliomba jambo hili mara tatu na sasa limeitika. Ila hosteli yao haipokei watoto, na habari za baba yake Chiriku unazijua, sina la kuongeza. Nimewaza huku na huku nikarudi palepale. Naomba umchukue Chiriku kwa miaka hiyo miwili. Mimi ulinilea kuanzia umri huohuo, na nyumba ni ileile.

Natakiwa kuwajibu kabla Mei haijaisha. Najua simu huitaki, unasema masikio yamekwisha kwa kelele za cherehani, kwa hiyo naingojea barua.

Mwanao,
Pini


21 Machi

Mwanangu Pini,

Barua yako niliipata Jumanne. Nikaisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Mimi mzima. Meno mazima pia. Yananibana kidogo upande wa kushoto nikitafuna karanga, na dawa yake nimeshaipata, sitafuni karanga. Fundi Redio anakusalimu. Ameniagiza nikuandikie kwamba sindano zake huvunjika kwa sababu anashonea viatu, nami nimeandika kama nilivyoagizwa. Mjukuu wangu mwambie nimegeuza, jina lake nimelisoma la kwanza.

Kazi imepungua. Watu siku hizi wananunua nguo zilizoshonwa tayari, kwangu wanaleta za kupunguza kiuno na kubadilisha zipu. Sare za shule ndizo zinazoniweka mjini. Basi napata muda wa kutazama nje, kitu ambacho zamani sikuwa nacho, na nje nina mgeni.

Unalikumbuka dirisha la chumba cha cherehani, lile linalotazama mwaridi? Buibui ametanda kati ya fremu na shina la mwaridi. Ni mkubwa, tumbo lina mistari ya njano na nyeusi kama jezi ya mpira. Anakaa kichwa chini, miguu ameibana miwilimiwili, ukimtazama haraka utadhani ana minne. Katikati ya utando ameshona mstari mnene wa kwenda na kurudi, kama ule ninaoupiga mimi kwenye ncha za kitambaa zisifumuke. Nimeukagua kwa miwani na bila miwani. Nimefundisha wasichana kumi na mmoja katika chumba hiki, na hakuna aliyepiga mshono ule bila kufumuliwa kwanza.

Wiki iliyopita nilifungua dirisha asubuhi nikakuta amefuma kifuko. Kiko chini ya jani, rangi ya kaki, kikubwa kama kifungo cha koti, ukikigusa ni kama karatasi ya mfuko wa sukari. Ndani mna mayai. Na yeye tumbo limenywea, kama mto uliotolewa pamba. Tangu siku hiyo hana habari na chakula. Juzi nzi amenasa pale pembeni, mnono kabisa, kapiga kelele mpaka kachoka, na yeye hakugeuka. Ila nikipeleka kidole karibu na kifuko anautikisa utando wote, anajirusha mbele na nyuma mpaka simwoni vizuri. Nikiondoa kidole anatulia. Mdudu asiyefika hata nusu ya kidole changu gumba ananitisha mimi, nami naondoka kweli.

Nimekukumbuka sana. Ulikuwa na miaka saba ulipokiona kifuko kama hiki kwenye ua, ukakihurumia, ukakitia kwenye kopo la vifungo na ukasahau. Ndani ya wiki zile nilikuwa na gauni la harusi la binti wa mwalimu mkuu, nimeivisha sanamu, shela limeshuka mpaka chini. Asubuhi ya kuja kulijaribu, kopo likawa wazi. Bibi harusi anaingia, anasema, "Mama, hivi vidoti vidogo vya dhahabu kwenye shela hatukukubaliana." Nikamwambia ni urembo mpya, ndio umetoka, nimemwongezea bure. Akafurahi. Akalivaa. Urembo ukaanza kutembea.

Nilikuchapa kidogo siku ile, na baadaye ulipolala nilicheka peke yangu mpaka mbavu zikaniuma. Sidhani niliwahi kukuambia.

Lile jambo lako nimelisoma. Nitaliandikia siku nyingine, leo macho yamechoka.

Shangazi yako


6 Aprili

Kwako Shangazi,

Hatujambo, tunashukuru. Chiriku ametimiza miaka minne na ameniomba zawadi ya bibi mwenye cherehani. Mzee wa meno meupe ameyachukua, akajitazama kwenye kioo, akasema sasa anatafuta mke. Nilimwelekeza kwako kabla sijakumbuka kwamba kuna mtu wa sindano.

Barua yako nimeisomea kitandani. Nilipofika kwenye shela nilicheka mpaka mtoto akaja kunitazama. Halafu, sijui kwa nini, nikalia. Nilikisikia kile chumba chote. Harufu ya pasi ikikanyaga kitambaa kibichi, mafuta ya cherehani, penseli ya chaki nyuma ya sikio lako ukiitafuta nyumba nzima. Na pale chini ya meza yako, kwenye lundo la vipande vya vitambaa, ndipo kilipokuwa kitanda changu cha mchana. Nilikuwa nalala nikitazama mguu wako unavyokanyaga. Ukisimama nilikuwa naamka. Sijawahi kulala vile tena, hata nikinywa dawa.

Lakini Shangazi, hujanijibu. Umeandika kurasa mbili za buibui na mstari mmoja wa mwanangu. Mimi si mtoto. Najua kijembe nikikiona. Buibui haendi popote, hali, halali, amekaa na mayai yake, na mimi ninayetaka kwenda kusoma ndiye nani? Kama unaona nakosea, niambie kwa jina langu. Usinipitishie dirishani.

Nami nikuulize. Mama aliniacha kwako nikiwa na miaka minne. Hakurudi hata siku moja kunitazama, na sasa ni marehemu, sina wa kumuuliza kwa nini. Nilipungukiwa nini? Nilikula, nilisoma, nilipendwa. Na mimi simwachi Chiriku kama yeye alivyoniacha mimi. Mimi nitarudi. Miaka miwili nitarudi na kumchukua. Tofauti yetu ndiyo hiyo, na naomba uione.

Nangoja ndiyo au hapana.

Pini


19 Aprili

Pini mwanangu,

Salamu. Mvua imeanza, na ni mvua hasa. Paa la chooni limevuja, Fundi Redio amepanda kuliziba, akashuka amechafuka kuliko paa lenyewe. Mimi nina kikohozi kidogo, si cha kuandikia.

Kwanza tuelewane. Sikukupiga kijembe. Mimi nikitaka kukusema nakusema, umeishi na mimi miaka kumi na tano na hilo unalijua. Nilikuandikia habari za buibui kwa sababu nilikuwa namtazama buibui. Nina miaka sitini na tatu, ninaishi peke yangu, ninachokiona dirishani ndicho nilicho nacho cha kusimulia.

Sasa nina habari zake nyingine, na laiti ningekuwa sina.

Mvua ya kwanza ilipokuja ilikuja na upepo. Jani lile lilikuwa linapigwa huku na huku, kifuko kinaning'inia, na yeye amekikumbatia kwa miguu yote. Maji yanamshukia mgongoni. Nilitazama nikashindwa kuvumilia. Nikasema huyu kadhoofika, hajala wiki nne, hawezi hata kujishika mwenyewe, atayaangusha mayai yote. Nikatoka na mkasi, nikakata lile jani, nikaingia nalo ndani. Nikakitia kifuko kwenye chupa ya jamu, nikafunga mdomo kwa kipande cha shela, nikaiweka kwenye rafu juu ya nyuzi, pakavu, pana joto. Nikajisifu. Kweli kabisa, Pini, nilijisifu.

Kesho yake jua likatoka. Nikamwona. Alikuwa anapanda mpaka pale palipokuwa na jani, anapapasa kwa miguu ya mbele, anashuka, anazunguka shina, anapanda tena. Palepale. Nilikata suruali mbili za sare nikiwa namtazama, hakupumzika. Siku ya pili vilevile. Utando ulikuwa umechanika na hakuushona, yule ambaye hakuwa anaacha hata uzi mmoja ukining'inia. Nilikuwa na chupa juu ya kichwa changu, futi tatu kutoka kwake, kioo cha dirisha tu katikati yetu. Nilijiambia atasahau. Mdudu ana akili gani ya kukumbuka.

Siku ya nne nikashindwa. Nikatoka na chupa, nikakifunga kifuko kwa uzi wa hariri mahali palepale, fundo dogo, safi. Nikamtafuta. Nilimkuta chini ya mwaridi, amejikunja, mwepesi kama nyuzi za kufumua.

Fundi Redio anasema buibui wa aina hii hufa tu akishataga, mvua au jua, nisijitese. Ameyasoma mahali. Inawezekana ni kweli. Lakini angekufa akiwa amekikumbatia.

Nimeandika nimefika hapa na mkono unakataa kwenda mbele. Nitakuandikia tena hivi karibuni, kabla hujajibu hii.

Shangazi


22 Aprili

Mwanangu,

Leo sitauliza habari zenu kwa urefu. Natumaini mko salama.

Uliandika kwamba mama yako hakurudi hata siku moja. Alirudi.

Ulikuwa na miaka mitano na miezi kidogo. Yeye alikuwa amekwenda kutafuta kazi, na kazi ilichelewa kupatikana. Sisi wote tulisema ametupa mtoto, na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Baba yako alikuwa safarini na lori. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nikasikia geti, nikatoka. Alikuwa amekonda, amevaa vizuri, na mkononi ana viatu vyako vipya, vyekundu, amevifunga kamba moja. Hakunilaumu wala hakujieleza. Alisema, "Wifi, nimepata chumba. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Nikamwambia hayupo. Nikamwambia kaka amekwenda naye safari, hawarudi mpaka mwisho wa mwezi. Wewe ulikuwa chini ya meza, kwenye vipande, umelala. Aliomba kungoja ndani. Nikasema nina kazi za watu, nikafunga geti.

Hakuja tena. Sijui alisikia nini au aliamini nini. Pengine alidhani tumekubaliana wote. Kaka sikumwambia mpaka anaingia kaburini.

Nilijiambia ninakulinda. Nilisema huyu mwanamke hana kitu, chumba chenyewe kimoja, ataweza nini, mtoto kwangu anakula, analala, ana amani. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ni kwamba nilikuwa nimekuzoea. Sikuwa na mtoto, nikapata, na mtu akaja kumtaka. Nimeishi na jambo hili miaka ishirini na saba na nililiweza vizuri, nilishona, nilicheka, nilikulea. Sasa nimelala siku tatu nikimwona mdudu anapapasa shina la mwaridi.

Umeniuliza ndiyo au hapana. Chiriku ukimleta nitampokea kwa mikono miwili, nitampenda kama nilivyokupenda, na hapo ndipo ninapojiogopa. Unasema utarudi baada ya miaka miwili kumchukua. Pini, mimi sijui kama nitafungua. Ningependa kukuambia nimebadilika, umri umenifundisha. Lakini mwezi huuhuu nimekata jani kwa mkasi.

Jibu langu ni hapana. Si kwa sababu yako wala yake.

Shangazi yako


18 Mei

Mwanangu Pini,

Sijui kama barua ya tarehe ishirini na mbili ilifika. Posta wanasema ilifika. Basi nitasema habari tu.

Wametoka. Ilikuwa Jumamosi, nimekaa na sare ya kijana wa darasa la sita. Kifuko kilikuwa na tundu dogo ubavuni, mtu angedhani ni sindano imepita. Wakawa wanatoka, wa njano hafifu, kila mmoja kama punje ya chumvi. Walijikusanya kwenye uzi wangu wa hariri, mamia yao, kisha mmojammoja akapanda ncha ya jani, akainua mgongo, akatoa uzi, upepo ukamchukua. Mpaka kufikia alasiri walikuwa wamepungua nusu. Jumapili hapakuwa na mtu. Fundi Redio alileta kiti chake tukatazama pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kufundisha.

Nilitaka uwepo. Nimesema tu.

Kikohozi kimepona. Mwezi unaisha na najua una majibu ya kutoa kule chuoni. Sikuulizi umeamua nini.

Msalimie Chiriku.

Shangazi


9 Juni

Shangazi,

Barua hii haina salamu. Nimejaribu kuziandika mara tatu nikachana karatasi.

Barua yako ya geti niliisomea kazini, nimesimama. Plasta niliyokuwa nimekoroga ikaganda kwenye bakuli na kijiko ndani yake. Bwana mkubwa akaniuliza nani amefariki. Sikujua nimjibu vipi, kwa sababu mtu alikuwa amefariki miaka sita iliyopita na mimi ndiyo kwanza napata habari.

Alipofariki uliniuliza kama nataka kwenda kuzika. Ulikuwa unapiga pasi. Nikasema mtu ambaye hakunifuata sina haja ya kumfuata. Ukaendelea kupiga pasi. Ungeweza kusema pale, Shangazi. Neno moja tu, hata kama lingechelewa, ningewahi kaburini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko la geti. La geti ulikuwa na miaka thelathini na sita na roho ya kuogopa. La pasi ulikuwa mtu mzima na mimi nilikuwa mbele yako.

Nimekuchukia mwezi mzima. Nilidhani nikikuchukia itakuwa rahisi, nitachukia kama watu wanavyochukia, lakini kila nikianza nakumbuka ulivyokuwa unanipulizia chai. Nimechoka.

Kuhusu chuo, Chiriku anakwenda na mimi. Nimepata chumba nje ya hosteli, kimoja, dirisha moja, jiko kibarazani. Tutakitumia pamoja na mwenzangu wa chuo mwenye mtoto wa umri huo, zamu yake ya kulea asubuhi, yangu jioni. Itakuwa taabu. Sikuamua hivyo kwa sababu ya barua yako wala ya buibui wako. Mwezi wa nne, kabla hata hujaniandikia habari za geti, nilimwambia Chiriku kwamba atakwenda kukaa kwa bibi na mama atakuja kumchukua akiwa mkubwa. Akanyamaza. Chiriku, Shangazi. Alinyamaza mpaka kesho yake.

Tunasafiri tarehe tano Julai. Basi linasimama kwenu saa nzima kuteremsha mizigo. Sijui kama nitashuka.

Nina swali moja. Sitaki unieleze kwa nini, nimeshasoma kwa nini. Nataka kujua hili tu. Ulipofunga lile geti, mama alikaa pale muda gani?

Pini


20 Juni

Mwanangu,

Umeuliza jambo moja na nitajibu hilo moja.

Nilipofunga nilirudi mezani. Nilikuwa na kitambaa cha bluu chenye maua madogo meupe, kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Nikakitandika, nikaanza kukata. Nikajiambia nikimaliza kukata nitachungulia, na kama bado yupo nitamfungulia. Nikachungulia. Alikuwepo, amekaa juu ya lile jiwe la ukutani, viatu mapajani. Nikajiambia nikimaliza mabega. Nikaunga mabega, nikachungulia, alikuwepo. Nikajiambia nikimaliza mikono. Nikapachika mikono yote miwili, nikafumua mmoja ambao haukuwa na kosa, nikaupachika tena. Alikuwepo. Nikashona shingo. Nikatia vifungo vinne mgongoni. Pindo nililipiga kwa mkono, taratibu kuliko pindo lolote nililowahi kupiga, na kila nikivuta uzi nachungulia, na kila nikichungulia yupo. Nilipokata uzi wa mwisho nikachungulia, hakuwepo. Viatu aliondoka navyo.

Alikaa muda wa gauni zima, Pini. Nililikata kwa vipimo vyako.

Wewe ukaamka. Nikakuvisha, likakukaa sawasawa. Ukazunguka mbele ya kioo, ukazunguka tena, ukanikimbilia ukaniita mama. Ilikuwa mara ya kwanza. Uliniita hivyo siku tatu, mpaka baba yako aliporudi safarini akakusahihisha. Mimi sikukusahihisha.

Shangazi yako